Msemaji Aliyeulizwa Mara Moja

Wakongo wa Newburg, mtaa wa Louisville, walikuwa hawazikani bila yeye. Hawaozani bila yeye pia. Kama yuko zamu kazini, shughuli inangoja. Nimeona kwa macho yangu harusi nzima imesimama, bibi harusi ameshavaa, wapishi wameshika miiko, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wakimsubiri mtu mmoja atoke ghalani, aoge, avae koti lake la kijivu, aje aseme. Jina lake nalijua, ila silitaji, na hata ningelitaja wengi wasingemtambua. Kila mtu alimwita Msemaji. Mimi nilikuwa Mkenya niliyekuja Louisville kusoma, kichwa kimejaa vitabu, nikaona ni kichekesho. Mtu mzima kazi yake kupanga maboksi, akivaa koti anageuka waziri!

Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakupaza sauti hata siku moja, ndiyo maana watu walinyamaza. Akisimama kusema alivua kofia kwanza, akampa aliye karibu amshikie, kisha akaanza kushukuru. Alimshukuru aliyepika, aliyeosha vyombo, aliyepanga viti, aliyeondoa theluji mlangoni. Alimshukuru mwenye jengo ambaye hakuwepo na jirani ambaye hakupiga simu polisi kwa sababu ya kelele. Sisi wanafunzi wa Kenya nyuma kule tulikuwa tunakanyagana miguu tusicheke. "Huyu atashukuru mpaka soketi," rafiki yangu alininong'oneza, na aki ya nani haikupita dakika, mzee akashukuru umeme.

Lakini tulikuwa tunacheka tusichokijua. Baridi moja mtambo wa joto ulikufa kwenye apatimenti zao. Siku ya tatu meneja akaja. Nilikuwepo, nilikuwa nafundisha kina mama Kiingereza sebuleni kwa Msemaji, na watoto wamevaa makoti ndani ya nyumba wanakohoa. Nikasema leo Msemaji atamrarua mtu. Wapi! Alimkalisha kwenye kiti kizuri. Mkewe akaleta chai ya maziwa. Akamuuliza habari za watoto wake, za mkewe, za mama yake mzazi, mimi nikitafsiri huku damu inachemka. Mwisho akamshukuru kwa kupanda ngazi. Meneja akaondoka anacheka.

"Baba," nikamwambia, "mbona hukumwambia watoto wanaganda?"

"Si aliona makoti? Iko na macho."

"Na kama hakuona?"

"Bon. Atarudi. Leo alikunywa chai yangu. Mutu mwenye alikunywa chai yako hawezi kukupita mu njia."

Mtambo ulitengenezwa baada ya siku nne. Nne nzima! Ila nisimpunje mzee wa watu. Tangu siku hiyo, chochote kikiharibika mle, meneja alianzia mlango wake, na majengo ya upande wa pili yalilalamika kwa barua mpaka yakachoka. Kwa hiyo siwezi kusema alikuwa mjinga. Nilitamani kusema hivyo mara nyingi, na kila mara nilikosa ushahidi.

Siri ya kazi yake niliijua siku rafiki yangu Mkenya alipokwenda kuposa binti wa Newburg. Tulimchukua mhasibu mmoja awe mdomo wetu, mtu wa kuangalia saa. Upande wa binti aliketi Msemaji. Akatukaribisha, akavua kofia, akauliza, "Wageni, muko na shida gani?" Mhasibu wetu akakohoa, akasema, "Tumekuja kuchumbia." Hivyo tu, kama mtu anayeagiza chips. Kina mama wakajificha nyuma ya vitenge vyao wakicheka, na sisi tukapigwa faini ya kreti mbili za soda kwa kukosa adabu. Kwetu pia wazee wana mizunguko yao, lakini huko ughaibuni tulikuwa tumeisahau, tukijidai tuna haraka.

Wakati wa kula nilimfuata Msemaji na sahani yangu ya ugali na sombe, kisamvu cha kwao. Nilitaka anieleze. Alinieleza taratibu, anavyoeleza mtu anayempenda mwanafunzi mbishi.

"Mara ya kwanza mutu akikuuliza, ile ni adabu yake tu. Unamujibu: hakuna shida, tulikuja kuwasalimia. Mara ya pili, donc, ameanza kukusikia. Unamwambia: iko kaneno kadogo. Mara ya tatu, sasa anakuuliza na roho. Pale njo unafungua mudomo."

"Na asipouliza mara ya pili, Baba?"

Alicheka mpaka akafuta macho. "Mutu wa namna gani huyo, hawezi kuuliza mara ya pili?"

Watu wa namna hiyo alikutana nao Columbus, jimbo la Ohio, alipohamia kufuata kazi ya ghala iliyokuwa na bima nzuri. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na washika fedha dukani. Binti wa kaunta anamuuliza kwa Kiingereza hali yake, yeye anaweka mfuko chini, anavua kofia na kuanza kujibu. Binti ameshageukia mteja mwingine. Nyuma foleni inanung'unika. Nilikuwa nikimsindikiza sokoni siku za mapumziko, kwa sababu na mimi nilikuwa nimehamia huko kikazi, nakaa Hilliard, na nilikuwa namvuta mkono tutoke. "Ameniuliza!" ananiambia kwenye maegesho, kofia ingali mkononi. "Ameniuliza, alafu anaangalia mwengine!" Alikasirika kwelikweli, na juma lililofuata alijibu tena.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine, nisimpambe. Kule nje asante zilimwagika, ndani hata moja. Akitaka maji aligonga kikombe. Chakula kikiwekwa alikula akiangalia ukuta. Mkewe, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kusikika jengo zima, hakujali. "Zote anazimaliza inje," aliniambia akinikonyeza. "Akirudi hapa mufuko iko mutupu." Mimi nilikuwa namchukia kidogo kwa hilo. Nilimwambia siku moja, kwa utani wa Kikenya, kwamba itabidi mkewe amwekee kipaza sauti jikoni ndipo amshukuru. Hakucheka. Mama ndiye aliyecheka.

Kisha kiharusi kikamshika Mama, wakiwa Columbus, asubuhi moja anapiga pasi. Kilichukua upande wa kulia na kilichukua maneno. Kile kicheko nacho kikaenda. Wiki aliyotoka hospitali nilikwenda kuwaona, nikasimama kwenye korido navua viatu vya theluji, nikamsikia Msemaji ndani anamlisha uji. Kila kijiko alichomeza, mzee alisema, "Asante, mama." Kijiko kingine, "Asante tena." Sikupaswa kusikia yale. Nilikaa koridoni nimeshika kiatu kimoja mpaka bakuli likaisha.

Kilichomwezesha kuendelea kuishi kama binadamu ni saa za jimbo. Jimbo lilikuwa linamlipa mhudumu, mwanamke wa Kirundi mwenye mikono mizito na roho nyepesi, aje asubuhi mpaka alasiri kumwosha Mama, kumgeuza, kumlisha, wakati mzee yuko ghalani. Mzee alimwonea haya sana. Wiki za kwanza alikuwa anaamka kabla ya zamu anadeki nyumba yote, ili mtu anayelipwa kusafisha asikute uchafu. Lakini zile saa ndizo zilizomshikilia. Bila hizo hakuna kazi, na bila kazi hakuna bima wala kodi ya nyumba. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na mimi nilijua kwamba analijua.

Sasa niseme kazi yangu, maana bila kuisema nitakuwa nimejificha. Nilikuwa karani wa kundi la wabunge wa jimbo, wa chama kimoja, wanaokutana na kupatana vipaumbele vyao kabla bajeti haijaingia bungeni. Ofisini tuliliita kambi. Mwaka ule uchumi ulikuwa umeanguka. Viwanda vilikuwa vinafunga laini, maghala yanakata zamu, kodi haziingii, na rasimu ya bajeti ilikuja na mkasi. Saa za wahudumu wa nyumbani zilikuwa miongoni mwa vitu vya kukatwa. Kambi haikuwa na kura za kutosha kuokoa kila kitu. Iliamua kuchagua mambo matano tu ya kuyapigania mpaka mwisho, na mengine yatumike kwenye mapatano, nipe nikupe. Ili wachague vizuri, wabunge wakapita mitaani kuwasikiliza watu.

Kikao cha kanisa la Wakongo nilikipanga mimi. Nilijigamba nacho. Na kwa kuwa ofisi ilikuwa inabana matumizi, nikaambiwa nitafsiri mimi mwenyewe na niandike kumbukumbu mimi mwenyewe. Kanuni ya mkalimani niliapishwa nayo: usiongeze, usipunguze, usijisemee.

Nilimfuata Msemaji kwa gari siku hiyo. Njiani tulifanya mazoezi. Aliyasema yote, wallahi, kwa mpangilio: mke wangu hawezi kujigeuza, mhudumu anakuja saa hizi mpaka hizi, mkizikata nitaacha kazi, na ndani ya kanisa letu kuna nyumba nyingine kadhaa za namna hiyo. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

"Baba, nakuomba," nikamwambia tukiegesha. "Hawa ni watu wa dakika mbili. Ukifika kwenye maiki, sema hivyohivyo. Usizunguke."

"Bon. Nimeelewa."

"Umeelewa kweli?"

"Mutoto huyu! Nimesema nimeelewa."

Kanisa lilijaa. Wabunge watano mbele, nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, na mimi pembeni yao na daftari. Waliokuwa na shida walimwachia Msemaji azibebe zote, maana ndiyo kazi yake. Akasogea kwenye maiki kwa koti la kijivu. Akavua kofia, akampa mwanamke wa mstari wa mbele amshikie. Mwenyekiti wa kambi, mama wa makamo, mpole, mtu ambaye mpaka leo sina neno baya juu yake, akainama mbele na kuuliza: mngependa tukaipiganie shida gani? Nikatafsiri.

Nilimwona mzee akiangalia meza. Kitambaa cheupe, wageni wakubwa wametoka mbali, watu wake wote nyuma yake wamevaa nguo za Jumapili. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Hakuna shida," Msemaji akasema. "Tulikuja tu kuwasalimia, na kuwashukuru kwa kutufikia."

Nikatafsiri. Hakuna shida, tulikuja tu kuwasalimia, na kuwashukuru kwa kutufikia. Neno kwa neno, sawasawa na kiapo changu.

Mwenyekiti akaweka mkono kifuani. Machozi yalimlengalenga, si unafiki. Akasema mmetutia nguvu sana katika kipindi hiki kigumu, asanteni. Kisha akaita kundi linalofuata.

Msemaji hakuondoka. Alibaki amesimama pale, mikono mbele, uso umetulia kabisa, anangoja. Watu wa kanisa nao walikuwa wametulia, hata mmoja hakushtuka, kwao mambo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Kwenye ukumbi ule wote, ni mimi peke yangu niliyejua pande zote mbili. Ningeinama sikioni mwa mwenyekiti nimwambie, muulize tena. Maneno mawili. Saa ya dakika mbili ikalia. Mzee akanigeukia, akanitazama. Nikainamisha macho kwenye daftari, nikaandika: Jamii ya Wakongo, shukrani, hakuna ombi. Mhudumu wa kikao akamgusa kiwiko kwa heshima, akamrudisha kitini.

Nilijaribu baadaye, nisiseme sikujaribu. Juma lililofuata nilimkamata mwenyekiti kwenye korido ya bunge nikamweleza desturi ile, jinsi mtu anavyoulizwa mara tatu. Alinisikiliza vizuri. Akauliza, "Lakini nilimuuliza. Kwa nini hakusema?" Kisha akaniambia vikao vingine vyote vilileta maombi yenye majina na mifano, na kumbukumbu zimeshagawiwa kwa wajumbe. Kumbukumbu hizo ni zangu, mwandiko wangu. Orodha ilipotoka nilikuwa mimi wa kuipiga chapa: mafao ya walioachishwa kazi, chakula cha shule, wanaotolewa nyumbani kwa kushindwa kodi, maduka madogo, na bili za joto. Saa za wahudumu zilikuwa za sita. Kwenye mapatano zikaachiwa, ili yale matano yapone. Zikakatwa nusu.

Msemaji hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitafuna. Aliacha kazi ghalani, akabaki ndani na Mama. Bima ikaenda. Nikipiga simu, anasema wako salama, Mungu ni mwema. Nikienda, anasema hakuna shida. Nilikuwa naogopa kuuliza mara ya pili, kwa sababu nilijua jibu la tatu ni lipi na sikuwa na cha kumpa. Basi nikawa nauliza mara moja na kuondoka, kama wale mabinti wa kaunta. Mwishowe binti yao aliyeko Buffalo, jimbo lingine, akaja na gari kubwa akawachukua.

Mwaka mwingine umepita, na uchumi bado haujasimama. Mwezi uliopita, Jumamosi moja, niliondoka Columbus alfajiri nikaendesha mpaka Buffalo kumwomba radhi. Niliipanga hotuba njia nzima. Nyumba ni ya ghorofa, wao wako juu, na ngazi ni nyembamba na imejipinda. Nilipanda nikiwaza, Mama walimpitishaje hapa? Binti alikuwa kiwandani, Jumamosi zote yuko kiwandani.

Mzee alifungua mlango. Ndevu zimeota, shati limefungwa vifungo vibaya. Hakunisalimia wala kunikaribisha.

"Unaweza kugeuza mutu?" akauliza.

"Naweza, Baba."

"Kila saa mbili. Unavuta shuka, hauvute mukono. Miye nalala."

Akaketi kwenye kiti cha pembeni na akalala palepale, viatu miguuni, mdomo wazi. Nilimgeuza Mama. Amekuwa mwepesi. Tangu apandishwe pale hajashuka ile ngazi, na dirisha lake linaangalia ukuta wa nyumba ya pili. Alinijua. Macho yake yalinifuata chumba chote. Nilimlisha uji, nikamfuta, nikamgeuza tena, na hotuba yangu nikaitoa kwake yeye, kwa kunong'ona, nikilia kama mjinga.

Msemaji aliamka alasiri. Alikaa akinitazama kwa muda kabla ya kukumbuka mimi ni nani. Aliniambia jimbo hili nalo lina saa za wahudumu, lakini waliingia mwisho wa foleni, na kila wakipiga simu wanaambiwa wasubiri. Ndipo nikasema nilichojia. Nikamwambia siku ile ya kanisani nilijua.

"Ulijua nini?"

"Kwamba unangoja uulizwe tena. Nilijua, na nikanyamaza."

Alifungua na kufunga kifungo cha shati.

"Bale wazungu sikuwa nabangoja," akasema. "Nilikuwa nakungoja weye."

Nikatafuta koti langu, safari ilikuwa ndefu. Akanyanyuka, akanifuata mpaka mlangoni.

"Siku ya posho ijayo mutoto yangu iko kazini tena," akasema. "Unaweza kuja?"

Siku ya posho kwao ni Jumamosi, na Jumamosi hiyo kambi ilikuwa inakutana kuandika vipaumbele vipya, na kalamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii ile ya sita, saa za wahudumu, itaingia. Na hata ikiingia, itakuwa ni ya Ohio. Yeye ameshakuwa mtu wa jimbo lingine, haitamfikia.

"Nitajaribu, Baba. Mungu akipenda."

"Hapana," akasema. "Ile usinipe. Sema ndiyo ao hapana."

Nikasema hapana.

"Bon," akasema, akarudi ndani kumgeuza mkewe, maana saa mbili zilikuwa zimetimia.